Diski ya Breki Imegeuka Bluu? Kagua Haya Kabla ya Kushuka Mlima

Kama unashuka Lushoto kwenda Mombo na abiria na gunia la viazi, au unateremka mlima wa Kitonga na mzigo, kagua diski ya mbele kabla hujawasha pikipiki. Diski ikibadilika rangi ujue imepata joto kali, na lazima ujue joto hilo limetoka wapi: mlimani, au kwenye breki isiyoachia. La mlimani linapungua ukibadili uendeshaji. Breki isiyoachia itakusumbua hata kwenye tambarare, na mara nyingi ndiyo inayosahaulika.

Piga hesabu kwanza. Pikipiki, watu wawili na mzigo hufika kilo 300 hivi. Kila unaposhuka mita 100 za kimo, uzito huo unaachia nishati ya karibu kilojuli 294. Nishati yote ikiishia kwenye diski ya kilo moja, bila upepo wala injini kusaidia, joto lake lingepanda kwa karibu nyuzi 600. Lushoto hadi Mombo unashuka takriban mita 1,000 ndani ya kilomita thelathini na ushei. Injini iliyo kwenye gia na upepo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Anayeweka nyutro ili kuokoa petroli anaiachia diski kazi ambayo haikutengenezewa.

Sasa soma rangi. Diski nyingi za pikipiki ni chuma cha pua, ambacho huanza kuwa njano kwenye nyuzi 300 hivi, kikaenda kahawia, zambarau, kisha bluu kinapokaribia nyuzi 500. Muda nao una athari: joto la chini kidogo lililokaa sana huacha rangi iliyokolea vilevile. Usidanganyike na njia ya pedi inayong'aa, kwa sababu pedi husugua rangi ikaondoka. Angalia ndani ya matundu ya diski, ukingo wa ndani, na mikono inayoshika diski kwenye ringi. Bluu ya upande mmoja tu, upande wa pili safi, mara nyingi ni pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) zimekauka, kwa hiyo pedi moja inafanya kazi ya mbili. Madoa ya bluu yaliyopangana kwa nafasi huonyesha diski imepinda au pedi zimeiachia tabaka lisilo sawa. Bluu iliyozunguka sawasawa pande zote mbili ni joto la jumla: mlima, au breki inayobana muda wote.

Unene: diski nyingi zimegongwa herufi MIN TH, yaani unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, na namba ya milimita. Pima kwa maikromita sehemu sita za njia ya pedi. Venia ya kawaida itakudanganya kwa sababu inakaa juu ya ukingo usiolika. Ikifika chini ya namba hiyo, tupa. Diski nyembamba hubeba joto dogo na hugeuka bluu mapema.

Nyufa: ufa wowote unaotoka kwenye tundu kwenda ukingoni, tupa. Usichomelee.

Pedi: kigae, yaani sehemu inayosugua diski, kikibaki milimita 1.5, badilisha. Kikiwa kinang'aa kama kioo, kimeungua. Msasa juu ya kioo cha meza unaweza kusaidia mara moja, ila pedi iliyofuka moshi mlimani usiirudishe.

Mafuta ya breki: DOT 4 mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Badilisha kila miaka miwili, hata kama rangi yake bado nzuri. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, mvuke unabanwa, na mkono wa breki unafika kwenye usukani bila pikipiki kusimama.

Haya yote mafundi wengi wanayajua. Kinachowapita ni tundu dogo la kurudishia mafuta ndani ya masta silinda (pampu ya breki iliyo kwenye usukani), na ndilo linalowatesa madereva. Kisa chake huwa hivi. Diski inageuka bluu, fundi anaweka pedi mpya. Siku chache, bluu tena. Anaweka diski mpya, bluu tena. Dereva anaambiwa anabana breki sana. Asubuhi ukinyanyua tairi ya mbele inazunguka vizuri, hivyo kila mtu anaapa kalipa ni nzima. Lakini baada ya kilomita chache za mjini, pikipiki inakuwa nzito kusukuma, mkono wa breki unakuwa mgumu na unashika juu kabisa. Ikipoa nusu saa, inaachia.

Sababu ni hii. Mkono ukiachiwa, pistoni ya masta inapaswa kurudi mpaka mwisho na kufungua tundu ambalo halifiki milimita moja, ili mafuta yaliyotanuka kwa joto yarudi kwenye kikopo cha mafuta ya breki. Tundu likizibwa na ute wa mafuta ya zamani, au pistoni ikizuiwa isirudi kwa sababu umefungwa mkono wa breki usio wake au skrubu ya mkono huo imekazwa hadi nafasi ikaisha, mafuta yanakosa pa kwenda. Yanatanuka, yanasukuma pedi, pedi zinaongeza joto, mafuta yanatanuka zaidi. Kubadilisha diski hapo ni kutupa pesa. Matokeo yanafanana na hayo kikopo kikijazwa hadi kwenye kifuniko wakati pedi zimelika, kisha zikawekwa mpya: pistoni zikirudishwa ndani, mafuta hayana nafasi.

Pima hivi. Mkono wa breki uwe na mchezo wa milimita moja au mbili kabla haujaanza kusukuma pistoni. Fungua kifuniko cha kikopo, bana mkono polepole: mwanzoni kabisa uone mafuta yakitikisika au kuruka kidogo juu ya tundu. Yasipotikisika, tundu limeziba. Lisafishe kwa uzi mmoja laini wa waya wa klachi bila kukwangua, kisha toa mafuta yote ya zamani.

Breki ikiwa bado imebana barabarani, acha ipoe kiasi cha kugusika, na kama bado imeshika, legeza boliti ya mpira wa breki (unaopeleka mafuta kwenye kalipa) pale kwenye masta. Tairi likiachia, ugonjwa uko kwenye masta. Lisipoachia, kaza, legeza niplo ya kalipa, ile ya kutolea hewa: likiachia sasa, mpira umevimba kwa ndani. Lisipoachia kabisa, ni pistoni au pini za kalipa; safisha na paka pini grisi ya silikoni, kamwe si grisi ya beringi, maana huvimbisha mipira ya kuziba iliyomo kwenye kalipa. Vaa miwani, na mafuta yakidondoka kwenye rangi ya tenki mwaga maji hapohapo. Baada ya kulegeza popote, toa hewa kabla ya kuondoka.

Ukishajua breki inaachia, diski ya bluu isiyo na ufa, yenye unene na isiyoyumba zaidi ya kipimo cha kitabu cha pikipiki hiyo (nyingi ni milimita 0.30) inaweza kuendelea. Isafishe kwa spiriti, kausha, kisha zoesha pedi kwa kupunguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, mara kumi hivi, ukiacha ipoe katikati.

Mlimani, shuka na gia ya pili au ya tatu, bana kwa nguvu kwa muda mfupi kisha achia kabisa, tumia na breki ya nyuma. Ukisimama diski ikiwa moto, usiendelee kubana mkono. Usimwagie maji, hata kama wenzako kijiweni wanafanya hivyo, kwa sababu chuma hupinda. Usiiguse kwa mkono. Mkono wa breki ukianza kuwa laini, simama mapema mahali pa tambarare, shusha abiria, ngoja. Mzigo mzito ugawe safari mbili. Na siku za mvua, ukungu ukishuka Usambara, anza kupunguza mwendo mbali zaidi ya ulivyozoea, usiwe karibu na lori, na usimruhusu mtu akuharakishe.