Kuunda Upya Fremu ya Paa la Kukunja la Gari la Zamani

Somo hili linamhusu mtu aliyepata gari la wazi la miaka ya 1950 ambalo turubai la paa lake limeoza, na fremu iliyolibeba imeliwa na kutu au iliuzwa kwa kilo pamoja na vyuma vikuukuu. Hali hiyo ndiyo niliyoikuta kwenye Morris Minor ninayoitengeneza hapa Mombasa, gari ambalo lilizinduliwa London mwaka 1948 na ambalo aina yake ya wazi iliendelea kuundwa hadi mwaka 1969. Kupinda paipu na kuchomelea ni kazi ambazo fundi mzuri wa jua kali atakumalizia asubuhi moja; kilichonila wiki kadhaa ni kujua matundu ya egemeo, yaani mahali ambapo mkono wa fremu huzungukia, yatobolewe wapi, na kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Fremu ina sehemu chache. Kuna matao yanayovuka gari kutoka upande hadi upande na kuinua turubai. Kuna mikono ya chuma bapa inayoyaunganisha matao hayo na bodi. Kuna ubao wa mbele unaolala juu ya ukingo wa kioo cha mbele. Na kuna mikanda miwili ya utepe mnene inayotoka nyuma hadi mbele ili kila tao libaki mahali pake paa linapokuwa limefungwa, yaani limefunika gari.

Hatua ya kwanza: kulituliza gari

Gari lisilo na paa la chuma hunepa, na vipimo vyake hubadilika kulingana na jinsi lilivyowekwa. Liweke kwenye sakafu iliyo sawa, likisimama kwa magurudumu yake yenye upepo kamili, milango ikiwa imefungwa na mzigo wa kilo 150 hivi ukiwa juu ya viti. Kisha vuta uzi kutoka bawaba ya mlango wa kushoto hadi kona ya nyuma ya kulia, uupime, na ufanye vivyo hivyo kwa upande wa pili. Tofauti ikizidi milimita 5, inyooshe bodi kwanza, kwa maana fremu iliyonyooka haiwezi kukaa kwenye gari lililokwenda kombo.

Mara ya kwanza mimi nilipima gari likiwa juu ya mawe, magurudumu ya nyuma yametolewa. Fremu ilipokamilika ilifunga vizuri mno, nikawaita jirani waje waone. Siku nilipolishusha gari chini, ubao wa mbele ulisimama upana wa kidole kimoja nyuma ya kioo upande wa kushoto, na mikono yote ya upande huo ikawa ya kutupwa.

Hatua ya pili: kukusanya ushahidi

Kabla ya kubuni chochote, tafuta yale ambayo gari lenyewe linakumbuka. Safisha eneo la nyuma ya milango kwa brashi ya waya na utafute matundu ya bolti yaliyozibwa kwa rangi au kwa simenti ya bodi, kwani hayo ndiyo makao ya egemeo kuu. Turubai la zamani, hata liwe matambara, usilitupe. Langu lilikuwa limekunjwa chini ya kiti cha nyuma. Nilipolitandaza sakafuni niliona kwa upande wa ndani mistari ya kutu yenye rangi ya chai ya mkandaa, kila mmoja ukiwa mahali ambapo tao lilikuwa likigusa kitambaa. Nafasi kati ya mstari na mstari ilinipa nafasi ya matao bila kubahatisha.

Hatua ya tatu: kutafuta egemeo

Chukua plaiwudi ya futi 8 kwa 4, ambayo kwa gari dogo inatosha, na uchore umbo la ubavu wa gari kwa ukubwa wake halisi: ukingo wa kioo cha mbele, mstari wa juu wa mlango, na mahali pa nyuma ambapo paa hujilaza likikunjwa. Chora kila mkono mara mbili, kwanza jinsi unavyokaa paa likiwa limefungwa, kisha jinsi utakavyolala likiwa limekunjwa.

Sasa weka alama mbili kwenye mkono mmoja, A na B, katika mikao yote miwili. Unganisha A ya kwanza na A ya pili kwa mstari, utafute katikati yake, na hapo upitishe mstari mwingine unaoukata kwa pembe mraba. Fanya hivyo hivyo kwa B. Mahali ambapo mistari hiyo miwili ya pembe mraba inakutana ndipo penye egemeo la mkono huo, na hakuna mahali pengine patakapouwezesha kufika katika mikao yote miwili kwa kuzunguka tu. Egemeo likiangukia mahali pasipowezekana, tuseme nje ya bodi au katikati ya mlango, badilisha kidogo mkao wa kukunjwa na urudie.

Ubao wa mbele una mambo yake, kwa sababu kwa kawaida hubebwa na mikono miwili kila upande, na hapo A ina egemeo lake na B lake. Kila egemeo laweza kuwa popote kwenye mstari wake wa pembe mraba, kwa hiyo unao uhuru wa kuchagua mahali penye chuma imara.

Baada ya mchoro, kata vipande vya plaiwudi nyembamba vyenye urefu wa mikono, vifunge kwa bolti ndogo, na uvisimamishe kwenye gari upande mmoja. Funga na ukunje polepole, ukitazama kinachogusa mlango na kinachogongana na kiti. Mimi nilitoboa upya mara saba, na plaiwudi ya mara saba bado ni rahisi kuliko chuma cha mara moja.

Hatua ya nne: kupinda matao

Paipu ya chuma yenye kipenyo cha milimita 20 hivi na ukuta wa milimita 2 inafaa. Ijaze mchanga mkavu, uugongegonge hadi ushindiliwe, kisha uzibe ncha zote mbili kwa vigingi vya mbao ili paipu isibonyee kwenye kona. Ukitumia moto, ukaange mchanga kwanza, kwa kuwa unyevu wowote hugeuka mvuke na kufyatua kigingi kama risasi. Wala usiutumie mchanga wa pwani, maana chumvi itakayobaki ndani itaila paipu kimyakimya.

Chuma hurudi kidogo baada ya kupindwa, hivyo jaribu kwenye kipande chakavu ili ujue uzidishe kiasi gani. Katikati ya tao iwe juu kuliko mabega yake kwa sentimita 2 au 3. Likiwa bapa kabisa, mvua ya masika itafanya dimbwi juu ya vichwa vya abiria.

Hatua ya tano: mikono na maungio

Bana chuma bapa cha mkono wa kulia na cha kushoto pamoja kwenye jiriwa na uvitoboe kwa mpigo mmoja ili vilingane. Katika kila ungio tia bushi ya shaba na washa pande zote mbili. Anza kwa bolti za muda, funga na ukunje paa mara ishirini au zaidi, na ukisharidhika ndipo uweke bolti za kudumu zenye nati za nailoni zisizolegea.

Yaliyobaki ni mepesi. Ubao wa mbele nilichonga kwa mvule, ambao hustahimili maji na wadudu, ukafuata mpindo wa kioo kwa randa na msasa. Mikanda nilikata kutoka mikanda ya usalama ya gari kuukuu. Fremu ilipigwa praima ya zinki kabla ya rangi, ndani ya matundu pia, kwa sababu upepo wa bahari huanzia hapo. Pima turubai baada ya yote haya, si kabla.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Likoni: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kutumia paipu ya maji ya nusu inchi iliyopakwa zinki, maana ninayo nyumbani?

Jibu: Marahaba. Kipenyo chake cha nje ni kama milimita 21, kwa hiyo kwa umbo inafaa, ingawa ni nzito. Hofu yangu ni moto: zinki ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana. Ikwangue zinki yote mahali utakapochomelea, ufanye kazi hiyo nje kwenye upepo, na paipu yenyewe uipinde bila moto.

Mwanachama wa Kisauni: Fremu yangu ikikunjwa inabaki juu ya bodi kwa upana wa kiganja. Fundi ananishauri nifupishe mikono.

Jibu: Usikubali, bwana. Ukifupisha mkono paa halitafika kwenye kioo. Ondoa tao moja moja na ukunje tena, ili ujue kama matao yanakaliana. Likiondolewa moja na fremu ikashuka, geuza kidogo pembe ambayo tao hilo limechomelewa kwenye mkono wake. Isiposhuka hata ikibaki mikono ya fremu peke yake bila matao, rudi kwenye plaiwudi, kwa sababu egemeo liko pasipo pake.

Mwanachama wa Tudor: Alumini je, kwa kuwa haishiki kutu?

Jibu: Alumini ikigusana na bolti za chuma katika hewa ya chumvi, yenyewe ndiyo inayoliwa, tena kuzunguka matundu, mahali ambapo hutaki ulegevu. Mimi nisingeitumia.

Mwanachama wa Mji wa Kale: Mwalimu, paa langu nataka kulifunika kwa vinaili badala ya turubai. Fundi aivute kiasi gani?

Jibu: Dada, mwambie aifunge saa saba mchana, gari likiwa limeanikwa juani kwa saa nzima, kwa kuwa vinaili ya moto hulainika na kuvutika. Aivute hadi mikunjo iishe na asizidishe, kwani itajikaza yenyewe usiku ikipoa. Na iache imefungwa siku mbili tatu kabla ya kulikunja paa mara ya kwanza.