Marathoni ya Kwanza Huku Unapunguza Uzito

Kilomita 42.195 hazikimbiwi na njaa. Kosa la wengi ni kukata chakula na kuongeza kilomita wiki ileile. Matokeo yake ni maumivu ya ugoko na kuishiwa nguvu. Uzito upunguze mapema. Mbio za Kilimanjaro pale Moshi, kwa mfano, kwa kawaida huwa mwishoni mwa Februari, kwa hiyo anza katikati ya Septemba. Wiki 12 za kwanza shuka nusu kilo kwa wiki, yaani kalori 500 hivi pungufu kwa siku. Wiki nne za mwisho kabla ya mbio usipunguze chochote.

Ugali au wali wa siku ya mbio ndefu uache kama ulivyo. Kata soda, maandazi na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Maharage, dagaa na mayai ongeza, la sivyo mwili utakula misuli yake.

Kimbia siku nne kwa wiki. Tatu ziwe fupi, kwa mwendo unaokuruhusu kupiga soga. Jumapili ndiyo ndefu: anza na kilomita 8, ongeza moja au mbili kila wiki, wiki ya nne rudi nyuma kidogo, mpaka ufike 30 wiki tatu kabla ya mbio. Ukizidi dakika 75, kula njiani ndizi mbivu moja au tende nne kila dakika 40 (hapo dayeti isahau).

Mizani ikishuka kilo mbili baada ya Jumapili, usishangilie: ni maji. Yarudishe taratibu.