Kadi ya ua la Usambara kwa mkono wa karani mstaafu

Nimekaa masijala miaka 21. Nimegonga "IMEPOKELEWA" mpaka kiganja kikaota sugu, kwa hiyo nilipostaafu na kuanza kutengeneza kadi za maua nilijua kwenye mihuri sina la kujifunza. Kadi kumi na mbili za kwanza ziliishia jalalani. Muhuri wa ofisi unagongwa. Muhuri wa ua unakalishwa, unakandamizwa taratibu, kisha unanyanyuliwa wima bila kutikiswa. Kama nawe una mkono wa masijala, uzoeze kwanza kwenye gazeti kuukuu.

Ua langu ni lile dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli kule Amani, milima ya Usambara, juu ya Muheza, nilikolelewa. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilituma kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia. Leo Wazungu wanaliotesha kwenye vyungu madirishani. Mimi nalipenda kwa sababu za kikarani: rangi yake ni ileile ya wino wa pedi ya ofisi, na umbo lake halisumbui. Petali tano, mbili za juu ndogo, tatu za chini kubwa, na vitone vya njano katikati.

Anza na kadi yenyewe. Chukua manila nyeupe ya A4, ile nene ya gramu 250 hivi, isiyong'aa. Inayong'aa hainywi wino wa ofisi. Utaigusa kesho yake na kidole kitatoka zambarau. Ikate katikati upate vipande viwili vya sentimita 21 kwa 14.8. Weka alama kwenye 10.5, laza rula, pitisha kalamu iliyokwisha wino ukikandamiza, ndipo ukunje. Ukikunja bila kuchora huo mfereji, mgongo wa kadi utapasuka vinyuzinyuzi.

Sasa muhuri. Nunua raba kubwa nyeupe ya kufutia. Chora ua kwa penseli laini kwenye karatasi ya kawaida, kolezea mistari, kisha bonyeza raba juu yake: mchoro utahamia kwenye raba ukiwa umegeuka, na ukipiga chapa utarudi sawasawa. Kwa ua kugeuka si hoja. Kwa maneno ni msiba. Niliwahi kuchonga HONGERA moja kwa moja kwenye raba, jioni nzima, na kadi ikasoma AREGNOH.

Chonga kwa wembe mpya au kisu chembamba cha karatasi. Siri ni mwelekeo wa makali: yalaze yakimbie mbali na mstari unaoubakiza, ili mstari uwe mpana chini na mwembamba juu, kama tuta la viazi. Ukichimba kuingia chini yake, utakatika kwenye chapa ya tano. Chonga maua mawili, moja la sentimita 4 na jingine la 3, pamoja na jani la mviringo.

Hapa ndipo kadi inapopata uhai. Gusagusa muhuri mkubwa kwenye pedi, usiuzamishe, piga chapa ya kwanza kwenye kipande kingine cha manila, si kwenye kadi yenyewe. Bila kurudi kwenye pedi, piga ya pili pembeni. Ya kwanza itakolea, ya pili itafifia, nawe umepata rangi mbili kwa pedi moja. Fanya vivyo hivyo kwa ua dogo. Kwa jani, paka muhuri kalamu ya maka ya kijani ya maji, uhemee pumzi ya moto kama unavyosafisha miwani, kisha ubonyeze haraka.

Acha vikauke. Tanga kuna unyevu, mimi nasubiri hadi kesho.

Kukata kuna njia mbili. Binti yangu aliniletea mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, yenye roli mbili, pamoja na vyuma vyembamba vyenye makali ya umbo la ua. Unaweka bamba la plastiki, karatasi yenye chapa ikitazama juu, chuma makali yakitazama chini, bamba jingine juu, unazungusha. Piga chapa kwanza, kata baadaye, maana chuma unaweza kukisogeza mpaka kikae sawa na ua, kisha ukakishika kwa tepu ya karatasi kisiteleze. Kisipokata sehemu fulani, ongeza karatasi moja ya daftari juu ya bamba, upitishe tena. Ua likinasa kwenye chuma lisukume kwa pini kupitia vitundu vidogo vya chuma hicho. Usilivute kwa kucha.

Huna mashine? Mkasi wa kucha uliopinda unatosha, na kwa ua hili nauona bora. Mkono wa mkasi ukae palepale, karatasi ndiyo izunguke. Bakiza ukingo mweupe wa milimita moja, usijaribu kufuata wino wenyewe.

Laza kila ua kifudifudi juu ya kandambili ya zamani, zungusha mgongo wa kijiko cha chai kwenye kila petali hadi ijikunje. Kisha ligeuze, bonyeza katikati mara moja. Sasa panga: jani chini, ua kubwa lililokolea, ua dogo lililofifia juu yake likiwa limezungushwa kidogo ili petali zisilaliane. Gundi nyeupe, tone la ncha ya kijiti cha meno, katikati tu. Ukipaka hadi pembeni, petali zitalala na kazi ya kijiko imepotea. Vitone vya njano ni manila ya njano iliyotobolewa kwa panchi ya faili, kila kiduara nakikata mara mbili.

Maua matatu kwa kadi yanatosha, yakae kona ya chini kushoto. Jirani yangu hujaza kadi yote na inapendeza kama kitenge, lakini mahali pa kuandika jina hapaonekani.

Kadi hii huingia bahasha ya C6 bila shida, ila usiiweke chini ya vitabu vizito. Na usiianike dirishani, wino wa ofisi hupauka juani. Nyuma napiga muhuri wa tarehe niliojinunulia nilipostaafu, na huo, samahani, bado naugonga kwa nguvu.