Somo: Kuwapeleka watoto Watamu kutoka Kisumu (soma yote kabla ya kuuliza)

Shule zikikaribia kufungwa simu yangu haipoi: Watamu, kule ufuoni karibu na Malindi, tunaendaje, tukifika tunafanya nini. Naandika mara hii moja. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa hapa.

1. Msimu. Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo wa kaskazini, maji maangavu. Agosti kunaendeka, ila kusi, upepo wa kusini, huvuma na mwani hurundikana ufuoni. Aprili na Mei ni mvua, tulieni nyumbani.

2. Basi la usiku hadi Nairobi. Hili mnalijua.

3. Treni ya Mombasa. Kata tikiti mapema kwa *639#, ulipe kwa M-Pesa. Kituo kiko Syokimau, si katikati ya jiji. Fika saa nzima kabla, maana mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha ipite kwenye mashine. Kisu chako cha maembe kitabaki hapo. Wenye watoto wapande ile ya saa mbili asubuhi: Tsavo mtaiona kukiwa na mwanga, na mtashuka mchana.

4. Mtashukia Miritini, nje ya mji wa Mombasa. Ingieni mjini, mpande matatu ya Malindi, mshuke Gede. Hapo tuktuk hadi Watamu ni mwendo mfupi.

5. Maji. Hapa ndipo watu wa ziwani tunapoumbuka. Sisi tumezoea maji yanayokaa mahali pake. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila kukicha. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na pwani ya Kenya kupwa huko huangukia saa nne au saa tano asubuhi. Yaani muda ule ule mmemaliza chai, watoto wameshavaa maboya. Mpwa wangu alisimama mchangani, akatazama mawe na mwani mpaka kule wimbi linakovunjikia, akauliza nani amezibua bahari.

Basi usipange kuogelea asubuhi ya bamvua. Ogeleeni alasiri, maji yakijaa. Wiki moja baadaye mambo hugeuka, asubuhi ndiyo ya kuogelea. Ila maji yakipwa msilale chumbani: kwenye vidimbwi vya miamba kuna kaa, nyota wa bahari na visamaki vya milia, watoto watachutama hapo hadi uwaite mara tatu. MASHARTI: viatu miguuni, kila mtoto, kwa sababu kuna wanyama wa miiba mieusi na mwiba wake hukatikia ndani ya nyama. Msikanyage matumbawe. Na maji yakianza kurudi, rudini nayo. Hujaa kimya kimya nyuma yenu, mkastukia mko kisiwani.

6. Hifadhi ya bahari. Ipo tangu 1968. Bebeni vitambulisho na vyeti vya watoto, malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali. Saa ya kutoka na mashua aamue nahodha, msimburute.

7. Nchi kavu: magofu ya Gede (UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia 2024), vipepeo palepale Gede, na njia ya mbao katikati ya mikoko ya Mida.

MASWALI

Mama Mapacha: Asante sana. Treni ni pesa ngapi?
— Piga *639# uone, mama. Nauli ilipanda Januari 2024. Nikikuandikia ya leo, ikipanda tena utanilaumu mimi.

Kijana wa Kondele: Tukifika tuogelee saa ngapi?
— Hatua ya 5.
Kijana wa Kondele: Ni ndefu bana.
— Basi utaogelea na mawe.

Mkazi wa Milimani: Umesahau ndege. Si wote tunapanda basi.
— Sijasahau. Ndege za Nairobi hutua Malindi. Mwenye pesa ya ndege hanipigii simu saa nne usiku.

Mwalimu wa Manyatta: Mwezi si ni ule ule? Mbona ziwa letu halipwi?
— Swali zuri, mwalimu. Ziwa nalo huvutwa, lakini ni dogo na limefungwa pande zote, kwa hiyo linasogea sentimita chache tu, na upepo wa mchana unazifuta kabla hujaziona. Bahari ni pana, maji yana nafasi ya kujikusanya. La kwetu hupandishwa na mvua za miezi mingi. Waulize watu wa Dunga, pale ufuoni kwetu, jinsi ziwa lilivyofurika 2020. Ukifika Watamu chomeka kijiti mchangani maji yanapoishia, mrudi na watoto baada ya nusu saa.
Mwalimu wa Manyatta: Hicho kijiti nitakifanyia somo darasani.

Nyar Nyamasaria: Na chakula? Wangu bila ugali hawalali.
Mama Mapacha: Ugali upo, ulizia sima. Asubuhi mahamri na mbaazi, watasahau mkate.
Nyar Nyamasaria: Samaki je?
— Changu na tafi. Wataringa siku ya kwanza kwamba si ngege, samaki wetu wa ziwani. Wakiwa Gede usiwape ndizi mkononi, tumbili wa pale hawaombi.

Kijana wa Kondele: Na Diani je?
— Kusini mwa Mombasa, unavuka Likoni. Hatua ya 5 ni ile ile.