Kutambua gari la zamani kwenye picha: anza kwa kukataa

Mtu akipewa picha ya babu yake ameegemea gari, kitu cha kwanza anachotafuta ni nembo. Mimi nembo huiacha mwisho. Kwenye picha ndogo huwa ni doa tu, na ukishajiaminisha kuwa umesoma "Ford", kila kitu kitaanza kufanana na Ford. Kazi hii ni ya kukataa. Kila alama unayoiona inafuta magari kadhaa, na unaendelea kufuta mpaka yabaki mawili matatu.

Hatua ya 1: Pata picha safi

Piga skani picha yenyewe kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), au 1200 kama ni ndogo kuliko kiganja. Skani na mgongo wake pia, maana mhuri wa studio na mwandiko wa penseli huwa huko. Programu za akili mnemba za "kuboresha" picha zikae mbali. Hazikuzi kilichopo, zinabuni. Zitakupa spoku ambazo gari halikuwahi kuwa nazo.

Hatua ya 2: Hakikisha haijageuzwa

Negativu, yaani filamu inayochapishwa kuwa picha, ikichapishwa kinyume, usukani unahama upande. Niliwahi kumaliza jioni mbili nikisaka gari la Kimarekani lenye usukani kulia, na kila kitu kingine kilikuwa kinakubali. Kilichoniokoa ni koti la mwanamume aliyesimama karibu na taa: kimfuko cha kifuani kilikuwa upande wake wa kulia, na makoti hushonwa kimfuko hicho kushoto. Tangu hapo natazama nguo, maandishi na kibao cha namba kabla sijaligusa gari.

Hatua ya 3: Tafuta muongo kwanza

Taa za shaba zenye mpira wa gesi unaotoka kwenye mtungi ni taa za asetilini. Hizo zinakurudisha kabla ya katikati ya miaka ya 1910 au karibu na hapo. Kisha chungulia nyuma ya spoku za gurudumu la mbele. Ukiona drami ya breki, gari huenda ni la katikati ya miaka ya 1920 au baadaye, kwa sababu mengi ya kabla ya hapo yalifunga breki magurudumu ya nyuma tu. Ule ubao wa kukanyagia ubavuni ulianza kupotea mwishoni mwa miaka ya 1930.

Kwa magari ya Marekani, taa za mbele ni zawadi. Kuanzia modeli za 1940 karibu yote yalipewa taa mbili za duara za inchi 7, na taa nne zikaenea kwenye modeli za 1958. Hizo inchi 7 ni rula iliyomo ndani ya picha: pima taa, kisha pima kitu kingine kilicho umbali uleule kutoka kwa kamera.

Hatua ya 4: Soma pua ya gari

Rejeta ya Bugatti ina umbo la kwato la farasi. Ya Rolls-Royce inafanana na uso wa hekalu la Kigiriki. Grili ya mafigo mawili ya BMW ilianza na modeli ya 303 mwaka 1933, kwa hiyo BMW yenye mafigo si ya kabla ya hapo. Ukikutana na boneti inayoteremka mbele kama koleo, bila rejeta yoyote puani, fikiria Renault ya zamani. Rejeta yake ilikaa nyuma ya injini.

Hatua ya 5: Sasa ingia kwenye vitu vidogo

Hapa ndipo nakaa muda mrefu. Chukua Ford Model T, ambayo utakutana nayo mara nyingi kwa kuwa zilitengenezwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927. Tairi lake lina kipenyo cha inchi 30 hivi, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 100. Picha ikiwa imepigwa ubavuni, pima kwa rula: umbali huo uwe sawa na matairi matatu na theluthi. Yakifika manne, Model T ya kawaida imekufa hapo hapo.

Likipita kipimo hicho, hesabu spoku za mbao. Ziwe 12, na madigadi yakificha nusu ya juu, hesabu za chini uzidishe kwa mbili. Rejeta ya shaba ni ya hadi modeli za 1916. Kuanzia 1917 ikawa nyeusi. Kwenye zile za wazi, zisizo na paa la kudumu, zilizotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1925, mlango wa mbele upande wa dereva ni mchoro tu uliogongwa kwenye bati. Mstari upo, bawaba hakuna. Hendeli ya kuwashia isikudanganye: stata ya umeme ilikuja 1919, lakini hendeli iliendelea kuning'inia mbele hadi mwisho.

Volkswagen Beetle huamuliwa kwa kioo cha nyuma: vipande viwili hadi mapema 1953, kisha yai hadi 1957, kisha kikubwa cha pembe nne. Lakini wapo wenye magari waliokata ule mhimili wa katikati ili lionekane jipya, basi tafuta alama ya pili. Morris Minor nayo itazame usoni: zile za kwanza za 1948 zina taa chini kando ya grili, za baadaye zina taa juu kwenye madigadi, na kioo cha mbele cha vipande viwili kiliisha 1956.

Hatua ya 6: Andika ulichokiona

Mwaka wa gari si mwaka wa picha. Gari la 1917 laweza kupigwa picha 1931 likiwa na taa za gari jingine. Rangi usiikisie kabisa, kwa sababu filamu nyingi za zamani hazikuona wekundu, na gari jekundu lilitoka jeusi. Mimi huandika hivi, kwa penseli laini, kwenye bahasha ya picha: "Ford Model T ya wazi, modeli ya 1917 au baadaye. Rejeta nyeusi, spoku 12, mlango wa dereva hauna bawaba. Nembo haisomeki."