Disklavier ya zamani inakataa faili zako? Anza hapa

Kama kanisa lenu ama hoteli hapa Kisumu imepata Disklavier ya mtumba, zile piano za Yamaha zinajicheza zenyewe na ziko na mahali pa kuingiza diski za floppy, angalia stima kabla ya muziki. Nyingine zilitengenezewa volti 100 za Japani ama 120 za Marekani na sisi tuko na 240, ukichomeka bila transfoma ya kushusha umeunguza bodi ya elektroniki ndani.

Haya, faili sasa. Watu wanabeba MP3 halafu wanashangaa mbona kii hazisongi. MP3 ni sauti iliyorekodiwa, lakini piano inataka MIDI, yaani maagizo ya noti gani igongwe, saa ngapi na kwa nguvu gani, ndio zile sumaku za umeme ndani zijue kusukuma kii gani. Na si MIDI yoyote tu! Ukisevu kutoka MuseScore, programu ya kuandika noti, unapata taipu 1, kila ala na traki yake, na hiyo mashine za kitambo zinakataa. Disklavier za modeli ya Mark II zinataka taipu 0, traki zote zimeunganishwa zikawa moja. Zile za kwanza kabisa hata hiyo hazisomi, zinajua E-SEQ pekee, aina ya faili ya Yamaha wenyewe, faili zinaishia na .FIL, na lazima ndani ya diski kuwe na PIANODIR.FIL yenye orodha ya nyimbo, la sivyo piano haioni wimbo hata mmoja. Kwa hivyo tafuta kwanza namba ya modeli, usianze kubadilisha faili kwa kubahatisha.

Kama piano yako inataka taipu 0, fungua wimbo kwa Reaper, programu ya kuhariri muziki, hamisha sehemu ya piano iwe chaneli 1, na wakati wa kutoa MIDI chagua traki ziunganishwe. Jina liwe fupi, herufi nane ama chini, bila nafasi: TENZI01.MID inatosha.

Diski ndio kazi. Tumia 2DD, ile ya KB 720. Hizo siku hizi ni ngumu kupata, mara nyingi utaangukia HD, floppy ya nafasi kubwa ya MB 1.44. Shika HD uangalie pembe mbili, kuna tundu moja lina kijimlango cha plastiki cha kuzuia kuandika, na la upande wa pili liko wazi. Hilo la wazi ndilo unaziba na selotepu pande zote mbili, ikae flati kabisa isikwame ndani, kisha kwa kompyuta unaandika format a: /t:80 /n:9. Itafanya kazi, lakini usiiamini na nakala ya pekee, HD iliyofomatiwa hivyo haishiki data vizuri kwa muda mrefu.

Na zile diski zilikuja na piano, tafadhali zikopi kwa laptopu leo. Unyevu wa huku ziwani unaleta ukungu, sogeza kile kifuniko cha chuma uangalie, ukiona madoa meupe usiiingize kwa piano kabisa, itachafua hedi, kile kichwa kinachosoma diski, na diski zingine nzuri zitaharibika pia.