Kutambua haidreti za gesi chini ya bahari kwa vipimo vya kisima

Haidreti ya methani ni barafu iliyofungia gesi. Mita moja ya ujazo ikiyeyuka hutoa takriban mita 164 za ujazo za gesi, kwa hiyo sampuli ya kawaida ikipandishwa melini hufika imekwisha kuharibika: shinikizo limeshuka, joto limepanda, gesi imetoroka. Ndiyo maana tunapima humo humo shimoni.

Usichague mahali kwa kutegemea mwangwi wa mitetemo peke yake, ule unaofuata umbo la sakafu ya bahari na kuchukuliwa kuwa dalili ya haidreti. Kwenye Blake Ridge, pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, shimo namba 994 lilichimbwa mwaka 1995 mahali pasipo na mwangwi huo, na haidreti ikapatikana.

Pima wakati wa kuchimba, vifaa vikiwa juu kidogo ya kekee. Ukisubiri kushusha vifaa kwa waya, mabomba hubaki yamefunika makumi ya mita za juu, na kwa saa zote hizo ukuta wa shimo unaendelea kumomonyoka huku haidreti iliyo karibu nao ikiyeyuka. Shuka kwa mita 20 hadi 30 kwa saa, upate picha safi ya ukinzani wa umeme. Sukuma maji ya bahari baridi, wala usikae mahali pamoja ukizungusha maji: shimo litapanuka.

Kwenye grafu, anza na mionzi ya gama. Ikishuka, kwa kawaida umeingia kwenye mchanga. Kisha tazama ukinzani. Mashapo laini yaliyojaa maji ya bahari husoma karibu omu-mita 1. Mchanga wenye haidreti nyingi huruka hadi makumi. Kasi ya sauti nayo lazima ipande, kutoka kama mita 1,600 kwa sekunde hadi 2,500 au zaidi. Ukinzani ukipanda huku kasi ikianguka chini ya 1,500, hiyo ni gesi huru. Ila katika mashapo laini sana wimbi la tope la shimoni huweza kulifunika wimbi la mashapo, kwa hiyo kagua mawimbi yenyewe kabla ya kuamini namba.

Kiasi cha haidreti hupatikana kwa kanuni ya Archie:

Sw = [a × Rw ÷ (φ^m × Rt)]^(1/n), na haidreti = 1 − Sw

Sw ni sehemu ya vinyweleo (nafasi ndogo kati ya chembe) iliyojaa maji, Rw ukinzani wa maji hayo, Rt ukinzani uliosomwa, na φ sehemu ya mashapo iliyo nafasi tupu, yaani vinyweleo. a, m na n ni namba zinazotegemea aina ya mashapo. Tuseme densiti ya mashapo ni gramu 2.00 kwa sentimita ya ujazo. Ukichukua chembe za 2.65 na maji ya 1.03, φ ni (2.65 − 2.00) ÷ (2.65 − 1.03) = 0.40. Maji ya chumvi ya kawaida ya bahari yakiwa na nyuzi 12 za Selsiasi, Rw ni 0.25. Kwa a = 1, m = 2, n = 2 na Rt = 30, Sw ni 0.23, yaani haidreti ni asilimia 77 ya nafasi tupu. Densiti ya haidreti, kama 0.92, inakaribia ya maji, hivyo kuipuuza hapa kunakosesha φ kwa takriban 0.02 tu. Kosa kubwa zaidi huwa kwenye Rw: kwa nyuzi 5 ni karibu 0.30, kwa nyuzi 25 ni 0.19. Atakayetumia thamani moja kutoka juu hadi chini ya shimo anajidanganya. Na m usiibuni. Ipate kwenye tabaka jirani lenye maji matupu.

Pale kipenyo cha shimo kilipopanuka, densiti husoma chini mno kwa sababu kifaa hakigusi ukuta. Futa sehemu hiyo, usiisahihishe kwa kukisia. Mashapo yaliyogandishwa na chokaa nayo hupandisha ukinzani na kasi, lakini densiti yao hupanda pia. Hapo kipimo cha mwangwi wa sumaku wa viini husaidia sana, kwa kuwa huona maji ya kimiminika na si haidreti: φ ya densiti ikiwa 0.40 na yake 0.10, karibu robo tatu ya nafasi haina maji.

Mtego mbaya kuliko yote ni nyufa. Mwaka 2006, katika bonde la Krishna-Godavari mashariki ya India, shimo namba 10 lilikuta tabaka la mfinyanzi la zaidi ya mita 100 ambamo haidreti ilijaza nyufa zilizosimama karibu wima. Ukinzani ulikuwa mkubwa sana, na Archie ikatoa kiasi kilichozidi mno kile cha sampuli zilizofungwa chini ya shinikizo la kina chao. Kanuni hiyo inachukulia haidreti imesambaa sawasawa kwenye vinyweleo. Ukuta mwembamba wa barafu unaokatiza njia ya umeme huizidisha hesabu. Dalili yake ni mistari ya mawimbi yenye umbo la S kwenye picha ya ukuta, na ukinzani wa awamu kuachana na ule wa upunguaji (masomo mawili ya ukinzani ambayo kifaa hutoa kutokana na wimbi lake: kuchelewa kwake na kudhoofika kwake). Ukiiona, tumia kanuni za ukinzani unaotofautiana kwa mwelekeo, na uagize walau sampuli mbili za shinikizo ndani ya tabaka lenyewe na moja nje yake.